Kona ya kulia inanishinda

SWALI: Nasambaza mikate kwa baiskeli kutoka Kondele hadi Kibuye. Kona ya kushoto naikata bila wasiwasi, lakini nikitaka kugeuza na kurudi nilikotoka, kwa mkono wa kulia, lazima niteremshe mguu. Shida ni ya baiskeli au ni yangu? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Ichunguze baiskeli kwanza. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani pande zote mbili. Ukinasa ukiwa umenyooka, gololi za shingo, pale usukani unapozungukia, zimechimba vikombe vinavyozishika. Ukigoma upande mmoja tu, waya wa breki ni mfupi. Tazama pia kama kreti imelalia upande mmoja wa keria.

Vyote vikiwa sawa, basi ni mguu. Shika mwendo, acha kukanyaga, pedali zilale sambamba na barabara. Mguu utakaotangulia wenyewe ndio mguu wako mkuu, hata kama mpira unapiga kwa mwingine. Kwako huenda ni wa kulia. Mguu huo ukiwa mbele, nyonga zinaelekea kushoto. Na kwenye kona ya kushoto ya kasi unaukandamiza tu, unashuka chini upande wa nje, mahali unapotakiwa kuwa. Kwa kulia mambo hugeuka: rudisha pedali nyuma robo mzunguko ili wa kushoto ushuke, la sivyo pedali ya ndani itakwaruza lami. Isitoshe, wengi wetu hupandia na kushukia kushoto, mbali na cheni, kwa hiyo mwili umezoea kuegemea huko. Na kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, kugeuza kurudi ni kulia kila mara, magari yakiwa mgongoni. Usijifunzie barabarani.

Tafuta uwanja, shusha mizigo, weka chupa mbili umbali wa mita 6, uzizunguke kwa umbo la nane. Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Endelea kukanyaga huku ukigusa breki ya nyuma kidogo; hiyo ndiyo inayotuliza baiskeli. Ilaze baiskeli ndani, kiwiliwili kibaki wima, macho yapite juu ya bega la kulia hadi unakotokea. Ukiitazama chupa utaigonga. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekunjwa: gurudumu litajikunja na utaanguka ndani ya kona. Dakika 10 kwa siku, na uongeze mizunguko ya kulia pekee. Ukizoea, sogeza chupa hadi mita 4.

SWALI: Nikikata kona polepole, kiatu hugonga madigadi ya mbele. Foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imepinda? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kama ilianza baada ya kugonga kitu, ndiyo, imerudi nyuma, mpelekee fundi. Kama ni tangu uinunue, fremu ni fupi, au unakanyaga pedali kwa katikati ya wayo na vidole vinachomoza mbele. Kanyaga kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Kinachogongwa ni mguu wa nje ukiwa mbele, hivyo kwenye kona kali tanguliza wa ndani na ukanyage nusu nusu.