Tangi la dizeli, ultrasoniki na jua la Mtwara

Mkuu, umeuliza kama mkandarasi anakupiga changa la macho kwa kutaka kukagua mishono ya tangi lako jipya la dizeli, plati za milimita 12, kwa ultrasoniki (mawimbi ya sauti yanayopenya chuma) badala ya eksirei. Si lazima iwe hivyo. API 650, kanuni ya ujenzi wa matangi ya mafuta, yenyewe inaruhusu, ila soma Kiambatisho U: data ya ukaguzi lazima irekodiwe kwa kompyuta. Jamaa akija na probu (kile kifaa kinachotuma na kupokea sauti) mkononi na daftari tu, mrudishe.

Na kwa kosa ninaloliogopa mimi, ultrasoniki ndiyo yenyewe. Welda akikimbiza kazi, chuma kipya kinalala ubavuni mwa plati bila kushikana nayo. Panabaki pengo jembamba la mshazari. Eksirei ikipita wima inaweza isilione kabisa, lakini sauti ikiingia kwa pembe inaligonga na kurudi. Viputo vya hewa ni kinyume chake, hivyo eksirei inavionyesha vizuri zaidi.

Sasa nikupe yaliyonikuta. Novemba, Mtwara, malori ya korosho yamejaa barabarani, sisi tuko kwenye tangi la zamani lililobadilishwa plati upande mmoja, za milimita 12 kama zako. Kalibresheni, yaani kuipima mashine kwa kipande cha chuma chenye vipimo vinavyojulikana, niliifanya asubuhi ofisini, kiyoyozi kinapuliza, nikatoka na probu inayoingiza sauti kwa pembe ya nyuzi 70. Kufika saa saba mchana plati haishikiki. Jeli ya kupitisha sauti kutoka probu hadi kwenye chuma naipaka, inakauka kabla probu haijasogea shubiri moja. Skrini ikatoa mwangwi, kina cha milimita kumi na kidogo, nikaufuata karibu mita nzima. Nikachora kwa chaki: haujashika. Welda, mzee wa Mikindani, akaniangalia. "Mwanangu, hapo nilipita mwenyewe, taratibu." Nikashikilia msimamo, tukachimba kwa grainda. Chuma safi mpaka chini. Mzee akarudia kuchomelea alasiri yote bila kunisemesha.

Shida ilikuwa kabari ya plastiki iliyo chini ya probu. Plastiki ikipata joto, sauti hupunguza mwendo ndani yake, na pembe ya kuingilia kwenye chuma inaongezeka. Joto likipanda nyuzi 20 tu, pembe ya 70 inafika 72 au 73, wakati probu ya 45 ingesogea kama nyuzi moja. Mashine inaendelea kuhesabu kwa 70 uliyoiwekea. Piga hesabu mwenyewe: 12 gawanya kwa kosaini ya 72, unapata kama 38.8, ndiyo njia halisi ya sauti mpaka upande wa ndani wa plati. Zidisha kwa kosaini ya 70, inakuja 13.3, kwenye plati ya 12! Mashine ikaona sauti imeshagonga chini na kuanza kupanda, ikatoa kwenye 24, yaani unene wa plati mara mbili, ikaniandikia 10.7. Kumbe ulikuwa mwangwi wa kofia ya mshono (ule mwinuko wa chuma juu ya mshono) upande wa ndani, kitu cha kawaida kabisa.

Siku hizi kipande cha kalibresheni nakiacha pale pale tangini mpaka kipate joto la plati, ndipo naanza, na mchana narudia. Kabla hujasaini, muulize mkandarasi wako kalibresheni anaifanyia wapi.

Sakafu ni habari nyingine. Mishono ya plati zilizopandana hupimwa kwa boksi la vakyumu (linanyonya hewa, panapovuja sabuni inatoa povu) na maji ya sabuni, asikutoze ultrasoniki huko.