Vitunguu vya Liège havikujaza kichwa: maonyesho ya bustani ya Ulaya yana faida gani kwa mkulima wa Lubumbashi?

SWALI: Bwana Injenieri, salamu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Nyuma ya nyumba, ndani ya lupango letu, nina bustani ndogo ya matuta manane. Dada yangu anaishi Liège. Kila mwaka, mwezi wa nne na wa tano, anatembelea maonyesho ya maua na bustani ya huko, kisha ananitumia mbegu na vitabu. Mwaka jana nilipanda vitunguu alivyoniletea. Vilitoa majani mazuri sana, lakini nilipong'oa, chini hamkuwa na kichwa. Sasa ananialika niende naye mwaka ujao. Je, maonyesho hayo yatanifundisha kitu, au ni ya kutazama tu? Ninunue nini huko? Na mtu ambaye hakusoma kilimo ajifunzie wapi?

JIBU: Mama, naanza na vitunguu, maana ndani yake limo jibu la hayo mengine yote.

Wewe hukukosea. Majani mazuri ni ushahidi kwamba mbolea na maji vilitosha. Kitunguu hakihesabu siku tangu kilipopandwa. Kinasubiri mchana ufikie urefu fulani ndipo kianze kujaza kichwa, na kila aina ina kipimo chake. Aina za Ubelgiji, Uholanzi na Uingereza zimezoea kusubiri mchana wenye mwanga wa saa 14 hadi 16. Kule Liège, mwezi wa sita, mchana unapita saa 16. Hapa Lubumbashi, mchana mrefu kuliko yote, ule wa mwezi wa kumi na mbili, haufiki hata saa 13. Kitunguu chako kilisubiri ishara ambayo anga la kwetu halitoi. Hata ungekimwagia samadi ya ng'ombe kila wiki, kingeongeza majani tu.

Tafuta aina za siku fupi, zile zinazojaza kichwa mchana ukiwa na saa 11 au 12: Red Creole, Texas Grano, au Violet de Galmi inayotoka Niger. Sia mbegu kitaluni mwezi wa tatu, mvua zinapoanza kulegea. Hamisha miche ikifikia unene wa penseli, baada ya wiki sita hadi nane, sentimita 10 kutoka mche hadi mche na sentimita 20 kati ya mistari. Usiizike sana, shingo ibaki juu ya udongo. Mwagilia kiangazi chote, na majani yakianza kulala chini acha kabisa kumwagilia. Ukivuna kabla ya mvua za kwanza, vitakauka vizuri na kukaa ghalani. Vikikutwa na mvua vitaoza shingoni.

Kwa hiyo, kila ushauri wa bustani, uwe kitabuni au kwenye jukwaa la maonyesho, unabeba ndani yake mahali alipokuwa amesimama aliyeutoa. Wenzetu wa Ulaya wanaishi kwa saa ya baridi. Wanasubiri jalidi iishe, udongo upate joto, ndipo wapande, na ndiyo maana maonyesho yao makubwa yanafanyika kati ya mwezi wa tatu na wa tano: watu wanatoka ndani na mikono inawawasha kushika jembe. Sisi tunaishi kwa saa ya maji. Mvua zetu zinaanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kukoma mwezi wa tatu au mwanzo wa wa nne, na wakati wao wanafungua bustani, sisi tunaanza kuhesabu ndoo za kisimani.

Utasikia watu wakisema, «Ninyi mko kusini mwa ikweta, ongezeni miezi sita tu.» Usiwafuate. Miezi sita inageuza majira ya Ulaya, lakini haiongezi urefu wa mchana wetu wala haileti mvua. Nyanya ni mfano mzuri. Kitabu cha Ulaya kinasema uhamishe miche nje katikati ya mwezi wa tano. Ukifuata tarehe hiyo hapa hapa, bila kuongeza kitu, utapata nyanya safi, kwa sababu kiangazi hakina unyevu unaoleta ugonjwa wa baka jani, ingawa usiku wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba utazichelewesha. Ukiongeza miezi sita, utazihamisha mwezi wa kumi na moja, mvua izinyeshee kila jioni, na majani yatageuka kahawia kabla hujala tunda moja, isipokuwa uzifunike na kuzipulizia dawa mara kwa mara.

Haya, maonyesho. Nenda, Mama, kama nauli ipo. Mimi nayapenda, na mtu anayependa mimea hatarudi mikono mitupu. La Chelsea, London, linafanywa mwezi wa tano kwenye uwanja wa Royal Hospital tangu mwaka 1913, na waandaaji wake ni chama cha wakulima wa bustani kilichoanzishwa mwaka 1804. Karibu zaidi na dada yako iko Keukenhof, mjini Lisse, Uholanzi: hekta 32 na tunguu za maua kama milioni 7 zinazopandwa kila mwaka, kwa bustani inayofunguliwa wiki nane tu hivi.

Ila ujue unachokitazama. Mimea ya kwenye maonyesho imepangiwa tarehe. Mingine imewekwa kwenye vyumba vya baridi ili isichanue mapema, mingine imepashwa joto ndani ya nyumba za vioo ili iwahi. Ukiona maua manne yamechanua pamoja kwenye kitanda kimoja, usidhani yatafanya hivyo nyumbani kwa mtu, hata huko Ulaya kwenyewe. Kwa hiyo rangi zipige picha kwa kumbukumbu, halafu macho yako yahamie kwenye mambo yanayosafiri: wamefungaje mmea unaotambaa, njia ina upana gani ili toroli lipite, wamefunika udongo kwa kitu gani, maji ya paa wameyaelekeza wapi, mmea mrefu umewekwa upande gani ili usiunyime mfupi jua. Hapo kumbuka kwamba kwao jua la adhuhuri linakaa kusini mwaka mzima, na kwetu kwa sehemu kubwa ya mwaka linapita kaskazini. Mchoro wa bustani yao inabidi uugeuze.

Kingine ni vibao vya majina. Kila mmea una kibao chenye jina la Kilatini, na jina hilo ndilo funguo lako. Jina la kibiashara linabadilika dukani hadi dukani, lakini la Kilatini litakuwezesha kuuliza hapa nyumbani kama mmea huo unaishi kwenye joto letu. Beba daftari.

Kuhusu kununua, nakusihi uache tunguu za tulipu. Tulipu inahitaji wiki 12 hadi 16 za baridi chini ya nyuzi 9 hivi ili ichanue, na baridi yetu ya mwezi wa saba, hata ile inayotufanya tuvae koti asubuhi, inaondoka jua likipanda. Utapata jani moja au mawili, basi. Ukitaka ua la tunguu linaloshangaza, gladioli na amarili zinakubali hapa bila kubembelezwa. Tena mmea au tunguu kuvuka mpaka kunahitaji cheti cha afya ya mimea. Si usumbufu wa bure: mdudu mmoja ndani ya udongo wa chungu anaweza kuharibu bustani za mtaa mzima. Afadhali pesa hiyo uiweke kwenye mkasi mzuri wa kupogolea na kipima-uchachu cha udongo. Vitakuhudumia miaka.

Kisha nikuambie neno ambalo watu wa hapa hawalifikirii. Majira yanayofanana na ile furaha ya Ulaya kwetu ni mwezi wa tisa na wa kumi, pale miombo inapotoa majani mekundu kabla tone moja halijaanguka na mijakaranda inapomwaga maua barabarani. Na onyesho linalotangulia majira hayo kidogo lipo jirani: maonyesho ya kilimo na biashara ya Lusaka, yanayofanyika kila mwaka mwanzoni mwa mwezi wa nane, karibu na Sikukuu ya Wakulima ya Zambia. Unavuka mpaka wa Kasumbalesa na kuendelea kusini. Mvua za huko zinafuata kalenda moja na zetu, udongo wake mwingi ni mwekundu kama wetu, na wauza mbegu wa huko wana vitunguu vya siku fupi kwa sababu nao hawana vingine vya kuuza. Kibemba ukikijua, utauliza mpaka uchoke. Kwa bustani yako ya matuta manane, safari hiyo ina faida kuliko ya Chelsea, na nasema hivyo nikiwa mtu anayeyapenda maonyesho ya Ulaya.

Sasa kujisomea. Vijitabu vya Agrodok, vilivyotolewa na shirika la Agromisa la Wageningen, vipo kwa Kifaransa, vifupi, na viliandikwa kwa ajili ya nchi za joto. Anza na hivyo. Video za Access Agriculture zinapatikana kwa Kiswahili na Kifaransa, na zinaonyesha wakulima wenyewe wakifanya kazi. Kuhusu mboga zetu za asili, kama lengalenga (mchicha) na mnavu, kituo cha World Vegetable Center kilichoko Arusha, Tanzania, kimezifanyia kazi miaka mingi. Vitabu vya dada yako usivitupe: sura za mboji, kupogoa na kuzalisha miche kwa vipandikizi ni sawa popote duniani. Sura ya kalenda ndiyo ya kuruka.

Walimu walio karibu zaidi ni mama wanaolima mboga mabondeni kandokando ya mji. Nenda kiangazi, asubuhi mapema, nunua fungu la lengalenga, kisha uliza. Wengi hawatakunyima.

Lipo somo moja ambalo hutalipata Ulaya wala Lusaka, nalo ni la udongo wa mji wetu. Lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba unaliona kila siku. Shaba ilianza kuyeyushwa hapo mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, moshi umekuwa ukishukia upande wa kaskazini-magharibi kwa vizazi vingi. Udongo wa huko una shaba, risasi na kadimiamu. Hata nje ya njia hiyo, udongo ulioletwa kwa lori hujui ulichimbwa wapi. Ukiona sehemu ya lupango haioti kitu, au inaota tu kile kimmea chenye jina la Haumaniastrum katangense, kinachojulikana kama ua la shaba, usipande mboga hapo. Mboga za majani ndizo zinazobeba metali nyingi kuliko nyanya au maharage, na mchicha wa mtoto si mahali pa kubahatisha. Peleka sampuli kwa wataalamu wa udongo wa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi: chota sehemu kumi za bustani, kina cha sentimita 20, changanya, kausha kivulini, beba nusu kilo. Wakati unangoja, panda kwenye matuta yaliyoinuliwa kwa udongo unaoujua, ongeza mboji, na tia chokaa ya kilimo, kwa kuwa udongo usio na uchachu unazishika metali zisipande kwenye mizizi. Udongo wa vichuguu vikubwa, ule ambao mafundi wanafyatulia matofali, nao una kalsiamu na uchachu mdogo kuliko udongo wa kando yake. Ukiupata kutoka mahali safi, ndoo mbili kwa tuta zinasaidia kweli.

Pakiti ya vitunguu vya Liège iliyobaki usiiache mpaka mwaka kesho, mbegu ya kitunguu inapoteza nguvu haraka. Isie yote kwa kubana kwenye tuta moja, na majani yakifika urefu wa kiganja na nusu uyakate kwa kisu, ukiacha shina, yachipue tena. Kwenye maharage ya jioni yanafaa sana.