Mota Inashuka Yenyewe Umeme Ukikatika

SWALI: Mimi ni seremala wa Kizota, Dodoma. Nimejiundia mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga nakshi kwenye milango ya mninga. Mihimili miwili ya mwendo wa ulalo inakwenda vizuri, lakini ule wa wima unanishinda: umeme ukikatika, mota ya kukatia hushuka yenyewe na kuharibu kazi, na wakati wa kupanda hukwama karibu na juu. Parafujo inayoipandisha na kuishusha ina kipenyo cha milimita 8 na husogeza milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Nirekebishe nini?

JIBU: Ndugu yetu, hayo ni matatizo mawili, na la kwanza limo kwenye parafujo uliyoitaja. Ina nyuzi nne zenye mwinamo mkali, kwa hiyo mota ya hatua, ile inayozungusha parafujo hatua kwa hatua, inapokosa umeme, uzito wa mota ya kukatia unatosha kuizungusha parafujo. Nunua ya uzi mmoja, inayosogeza milimita 2 kwa mzunguko, pamoja na nati yake. Msuguano wake utauzuia mzigo hata umeme usipokuwepo. Kasi itapungua mara nne, jambo ambalo kwa mhimili wa wima si hasara kubwa, ila ubadili mpangilio katika programu: mota ya hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara 8, ilihitaji hatua ndogo 200 kwa milimita, na sasa itahitaji 800. Wapo wanaofunga springi ya kubeba uzito. Kwangu hiyo ni nyongeza, si tiba.

Kukwama karibu na juu kunaashiria kwamba nati na beringi ya juu haziko kwenye mstari mmoja, kwani parafujo hupinda kidogo nati inapokuwa mbali na beringi, lakini ikikaribia haina pa kupindia. Toa parafujo kwanza. Kati ya reli mbili zinazoongoza mwendo wa wima, kaza moja ikiwa imenyooka, ya pili iache ikilegea, kisha pandisha kwa mkono bamba linalobeba mota, huku ukikaza bolti za reli hiyo ya pili kila bamba linapozifikia. Likiwa zito mahali popote, usiendelee. Ndipo urudishe parafujo, ulipeleke bamba hadi karibu kabisa na beringi, na ukaze bolti za nati hapo hapo. Uzito wote ubebwe na beringi, si na kiungo kinachounganisha mota ya hatua na parafujo, maana kile chenye mkato wa kuzunguka hutanuka na kina cha nakshi hakitalingana.

Umeme ukirudi, hata kama mota haikushuka, rudisha mashine mahali pake pa kuanzia kabla ya kuendelea kuchonga.