Jibu: Kaka aliyeumia jeshini kanyimwa nafasi ya uchomeleaji

Mkuu, umesema kaka yako aliumia mguu akiwa jeshini, akaomba mafunzo ya uchomeleaji hapa Mtwara, akaambiwa kwa mdomo tu kwamba hafai. Hilo neno la mdomo ndilo tatizo. Arudi aombe jibu la maandishi lenye sababu. Bila karatasi hana cha kukatia rufaa, atazungushwa mpaka msimu mwingine wa korosho.

Kisha aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi, na imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa (baadhi ya wenyeviti hata hawajui kama zipo). Wakikwama, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Aliyekujibu juu kwamba mwalimu wa karakana ndiye mwenye kauli ya mwisho, mimi simuungi mkono. Huko Marekani, askari wa zamani anayeomba kusaidiwa mafunzo ya kazi, mwenye ulemavu uliotokana na utumishi jeshini na uliokadiriwa kuanzia asilimia 10, hupimwa na mshauri kuona kama ulemavu huo unamkwaza kwenye ajira. Akikataliwa, ana mwaka mmoja kuomba uamuzi upitiwe upya na afisa wa juu. Yaani aliyekataa siye anayesikiliza rufaa.

Apate pia barua ya daktari, pale hospitali ya Ligula, ieleze anachoweza kufanya. Baadhi ya kazi za kuchomelea mtu anaweza kuzifanya amekaa.

Barua yake ya kuachishwa jeshi ipo? Itoeni nakala kwanza.