O-goshi ilinisumbua miezi minne

Nilipoanza judo niliamini kifua changu kitanimalizia kazi. Nimekulia Buguruni, ndoo za maji nimebeba tangu darasa la tatu, sasa mtu wa kilo sabini atanishinda nini? Alinishinda. Miezi minne nilikuwa nageuka, navuta, nakamua, na mwenzangu kasimama kama nguzo ya umeme, ananisubiri nimalize. Mwenzangu mwenyewe ni dereva wa daladala, kanizidi umri na kitambi. Siku moja akaniuliza, "Dogo, hapo unanitupa au unanikumbatia?"

O-goshi ni mtupo wa nyonga. Kodokan, shule ya judo aliyoianzisha Jigoro Kano mwaka 1882, iliiweka kwenye kundi la kwanza la orodha yake ya mitupo 40 ya mwaka 1920. Basi mimi nikasoma "kundi la kwanza" nikaelewa "rahisi".

Kilichonifungua macho sikukiona ukumbini, nilikiona Kariakoo. Kuli mmoja, mwembamba kuliko mimi, alikuwa anashusha magunia ya mchele kwenye lori. Hakulivuta gunia kwa mikono hata mara moja. Aliligeuzia mgongo, akakunja magoti mpaka akawa chini yake, gunia likamlalia, akanyoosha magoti, akaondoka. Mikono ilikuwa inalizuia tu lisidondoke. Mimi nilikuwa nafanya kinyume chake: miguu imenyooka, kiuno kimepinda, mgongo ndio unaobeba. Ndiyo maana nililala na dawa ya kuchua wiki nzima.

Kwa hiyo, kama unatumia mkono wa kulia, anza na mkono wa kushoto. Ushike mkono wa kulia wa kimono (vazi la judo) cha mwenzako chini ya kiwiko, uvute mbele na juu kidogo, kama unayetazama saa mkononi. Usiharakishe hapa. Mpaka uhisi visigino vyake vimeanza kuachana na mkeka, usigeuke. Ukigeuka mapema unampa mgongo wako bure.

Akishayumba, mguu wako wa kulia uingie mbele ya mguu wake wa kulia, geukia kwenye vidole, wa kushoto ufuate kwa nyuma. Miguu yako yote miwili ibaki katikati ya miguu yake. Mkono wa kulia unapita chini ya kwapa lake na kuzunguka mgongo. Kisha magoti. Mkanda wako uwe chini ya mkanda wake, makalio yamguse mapajani, na kati ya mgongo wako na tumbo lake pasipite hata karatasi. Mwambie mwenzako atulie, simama hapohapo, ujikague. Pakiwa na nafasi, toka uanze upya.

Nilirudia kuingia hivyo bila kumtupa mtu, mara hamsini kila zoezi, kumi za mwanzo polepole kabisa. Inachosha, tena Februari ya Dar mikeka inateleza kwa jasho, kwa hiyo beba taulo na ufute unapokanyaga. Lakini usianze haya kabla hujajua kuanguka. Anayetupwa kidevu akibane kifuani na apige mkeka kwa kiganja na mkono mzima. Asiweke kiganja chini kuzuia mwili. Kifundo cha mkono hakina ubishi na uzito wa mtu.

Siku ilipokubali sikuhisi nguvu yoyote. Nilivuta, nikaingia, nikanyoosha magoti huku nikigeuza kichwa kushoto, na yule dereva akapita juu ya kiuno changu na kupiga mkeka kwa mkono wa kushoto, paa! Akalala akitazama feni ya darini. Nikamwuliza kama yuko salama. Akanyanyuka, akafunga mkanda wake taratibu.

"Haya dogo, sasa upande wa kushoto."

Huo nao una mwezi wa pili sasa, na bado namkumbatia.