Maswali na majibu: mwanamume avae nini katika ofisi ya mawakili?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanaume walioajiriwa karibuni katika ofisi za mawakili, au wanaosubiri kuitwa. Baadhi nimezijibu kwa urefu kwa kuwa ndizo zinazohusu fedha nyingi na makosa mengi. Nyingine zinatosha mstari mmoja.

Nianze na jambo ninaloliamini. Anayebisha hodi kwa wakili aghalabu ana shida: ameshtakiwa, amedhulumiwa urithi, anaachana na mwenzake, au biashara yake inazama. Humtazama wakili kabla hajamsikia. Majibu yangu yanaanzia kwa mtu huyo, na mitindo inakuja baadaye.

Kaka, naanza kazi mwezi ujao na nina fedha za suti moja tu. Nichukue rangi gani?

Bluu iliyokoza, ile inayokaribia weusi lakini ukiiweka kando ya kitu cheusi unaona wazi kuwa ni bluu. Isiwe na mistari wala miraba. Suti isiyo na michoro haikai kichwani mwa watu, kwa hiyo unaweza kuivaa mara tatu kwa wiki ukibadilisha shati na tai, na hakuna atakayekuhesabia. Ya mistari itakumbukwa siku ya pili tu. Ukipata fedha za suti nyingine, chukua kijivu cha mkaa.

Vijana wengi hukimbilia nyeusi wakidhani ndiyo rasmi kuliko zote. Nyeusi ya kitambaa hafifu huonyesha kila unyuzi na vumbi, huanza kung'aa mapema viwikoni na makalioni, na katika ofisi nyingi huhesabiwa kuwa vazi la msibani au la hafla za usiku. Lakini kama mahakama utakazosimama zinadai nguo nyeusi chini ya joho, mjadala umekwisha: nunua nyeusi.

Jambo moja zaidi, na nakusihi usilipuuze. Kama muuzaji au fundi anaweza kukupa suruali mbili kwa koti moja, lipa hiyo nyongeza. Suruali ndiyo inayokufa kwanza, maana huikalia kutwa nzima wakati koti liko kwenye mgongo wa kiti.

Suti ya bei kubwa na ya bei ndogo, kwa macho yangu, zinafanana. Tofauti iko wapi hasa?

Iko katika mambo matatu: umbo, kitambaa, na kilichofichwa ndani ya kifua cha koti. Umbo ndilo kubwa kuliko mengine yote, na halitegemei bei. Suti ya kawaida iliyopita kwa fundi mzuri huishinda suti ya gharama iliyovaliwa ilivyotoka dukani.

Anza na bega. Mshono unaounganisha mkono na koti uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Ukivuka, koti linaonekana la kuazima. Usipofika, mkono unavutwa na kufanya mabonde juu. Bega ndilo sehemu ngumu na ya gharama kurekebisha, na mafundi wengi waaminifu watakuambia usijaribu. Basi nunua kwa kufuata bega, mengine mwachie fundi. Kisha geuza shingo: kola ya koti ilale juu ya kola ya shati bila kuacha mwanya nyuma. Funga kifungo, ukiona mikunjo mikali inayokimbia kutoka kwenye kifungo kwenda mbavuni, koti linakubana. Koti lifunike makalio. Mkono wa koti uache sentimita 1 hadi 1.5 ya shati ionekane. Suruali iguse kiatu na kupinda kidogo tu, isirundikane juu ya kamba. Fundi anaweza kupunguza kiuno cha koti, mikono na pindo la suruali bila shida. Urefu wa koti hawezi kuugusa sana, kwa sababu mifuko na vifungo vitabaki mahali pasipofaa.

Kitambaa: tafuta sufu tupu, au yenye mchanganyiko mdogo sana. Poliesta haipumui, hushika harufu, na pasi ya moto huiachia mng'ao usiofutika. Utakuta lebo zimeandikwa Super 100, Super 120, Super 150. Namba hiyo inaeleza wembamba wa nyuzi za sufu: Super 100 ni nyuzi zisizozidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na namba ikipanda nyuzi huzidi kuwa nyembamba. Wauzaji huisema kana kwamba ni alama za mtihani. Nyuzi nyembamba ni laini na za kupendeza, ila huchakaa upesi na hukunjamana zaidi. Kwa mtu wa kuvaa suti siku tano kwa wiki na kubeba mafaili, Super 100 au 120 inatosha kabisa.

Cha tatu ni kile kitambaa kigumu kinacholipa koti umbo lake kifuani. Katika makoti ya bei ndogo hubandikwa kwa gundi, katika ya bei kubwa hushonwa. Bana sehemu ya mbele ya koti karibu na kifungo cha chini kwa vidole vya mikono miwili, utenganishe tabaka la nje na la ndani. Ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, limeshonwa. Gundi ina tabia ya kuachia baada ya kusafishwa mara nyingi, na ikiachia kifua kinafanya malengelenge ambayo pasi haiyaondoi. Kununua la gundi si kosa, wengi wetu ndilo tulilomudu. Lisafishe mara chache, na usiliweke chini ya pasi ya moto mkali.

Kabla hujalivaa siku ya kwanza, kata uzi wenye umbo la X kwenye mpasuo wa nyuma na ubandue lebo iliyoshonwa juu ya mkono wa koti. Vyote huwekwa kwa ajili ya usafirishaji na maonyesho ya dukani. Nimewaona watu wazima wakiingia navyo mbele ya jaji, na inaniuma kwamba hakuna mwenzao aliyewanong'oneza.

Vifungo vya koti vinafungwa vyote?

Hapana. Koti la vifungo viwili, funga cha juu tu. La vitatu, funga cha katikati. Ukikaa fungua, ukisimama kuzungumza funga. Koti la safu mbili za vifungo hubaki limefungwa hata ukikaa.

Ninakofanyia kazi kuna joto kali na ninatokwa jasho sana. Nifanyeje bila kuvunja utaratibu wa ofisi?

Usikimbilie kitani. Ni kizuri, lakini kufikia saa nne asubuhi kimekunjamana, na mteja ataona mikunjo kabla ya kuona kitu kingine. Tafuta sufu nyepesi iliyofumwa kwa uwazi, yenye uzito wa gramu 220 hadi 260 kwa mita. Ukiinyanyua kuelekea dirishani unaona mwanga ukipenya. Kubwa zaidi ni bitana. Bitana kamili ya poliesta huligeuza koti zuri kuwa mfuko wa plastiki, kwa hiyo chukua lenye nusu bitana, mgongo ukiwa wazi.

Ndani vaa fulana ya pamba yenye shingo ya V, ya kijivu au ya rangi inayokaribia ngozi yako. Nyeupe huonekana chini ya shati jeupe. Njiani lishike koti mkononi, ulivae ukishafika. Na ukiwa na nafasi ya kuweka shati la akiba ofisini, liweke.

Mashati na tai: ni mangapi, na ya namna gani?

Mashati matano yanatosha kuanzia, matatu meupe na mawili ya samawati hafifu, yote ya pamba na mikono mirefu. Shati la mikono mifupi halivaliwi na tai. Jambo hili wengi hubishana nami, na bado sijashawishika: mkono wa koti unapokosa shati chini yake, vazi zima linaonekana kama halikumalizika. Kola ifunge ikiwa na nafasi ya vidole viwili, maana kola inayokaba itakufanya uichezee mbele ya mteja mchana kutwa.

Tai tatu za hariri, rangi zilizoiva, michoro midogo. Ncha ifike kwenye bizimu la mkanda, isiishie tumboni wala kupita mkanda. Jioni ifungue kabisa na uitundike. Tai inayovuliwa ikiwa na fundo lake hukunjamana pale pale siku zote.

Viatu vinatazamwa kweli, au ni maneno ya watu?

Vinatazamwa. Mtu aliyeinamisha kichwa kwa fadhaa mbele ya meza yako anaona nini? Viatu vyako.

Nunua jozi ya kwanza nyeusi, ya ngozi halisi, ya kamba, isiyo na mapambo. Kiatu ambacho vipande viwili vya ngozi vyenye matundu ya kamba vimeshonewa chini ya ngozi ya mbele ndicho rasmi zaidi. Kile ambacho vipande vimekaa juu na kufunguka ni cha hatua moja chini, na huwafaa wenye nyayo nene. Jozi ya pili iwe ya kahawia iliyokoza. Inakaa vizuri na bluu na kijivu, lakini siku ya mahakamani vaa nyeusi. Mkanda ufuate rangi ya kiatu. Moka ni za siku zisizo na mteja wala jaji.

Fedha zikiwa chache, punguza kwenye tai uongeze kwenye viatu. Soli iliyoshonwa hubadilishwa na fundi ikichakaa, na kiatu kikaishi miaka mingi. Ya gundi tupu ikishaachia, kwa kawaida safari yake imeishia hapo. Usivae jozi moja siku mbili mfululizo, kwa kuwa ngozi inahitaji siku nzima kukauka jasho. Ndiyo maana nasema jozi mbili hata kama zote ni za wastani. Soksi ziwe ndefu, za rangi ya suruali au iliyoiva zaidi. Ukikunja nne, ngozi ya mguu isionekane.

Ijumaa tunaruhusiwa kuvaa "kawaida". Kawaida ya wakili ni ipi?

Koti lisilo la suti, suruali ya kadeti au ya sufu, shati lenye kola, viatu vya ngozi. Tai iache nyumbani, lakini weka moja kwenye droo, kwa kuwa amri ya dharura ya mahakama haichagui siku. Jinzi na raba uzivae tu ukishawaona mawakili wakubwa wa ofisi yako wamezivaa zaidi ya mara moja, na hata hapo, si siku ya kukutana na mteja.

Wateja wetu wengi hawana kitu. Ninaona aibu kukaa mbele yao nimevaa suti. Je, haiwatishi?

Ndugu yangu, nimeipenda barua yako kuliko zote. Ninaielewa aibu hiyo, lakini usiitii.

Mtu asiye na kitu amezoea kupewa huduma iliyopunguzwa. Akija kwako ukiwa na fulana, halafu akasikia kwamba kwa mteja mkubwa huwa unafunga tai, amekwisha kuelewa daraja lake. Mvalie kama unavyomvalia mwenye kampuni. Kinachomtisha ni saa kubwa inayometa, cheni, pete nene, vifungo vya dhahabu mikononi, na meza pana iliyowekwa katikati yenu. Hivyo viondoe. Ukiona amejikunyata, vua koti mbele yake, ulitundike, vuta kiti ukae upande wake, kisha msikilize. Siku ya kesi vaa vizuri zaidi ya siku zote, maana siku hiyo wewe ndiye unayesimama badala yake.

Mahakamani nitavaa joho. Chini yake kuna haja ya kujisumbua?

Ipo. Joho huwa wazi mbele, na kola, bendi (vile vitambaa viwili vyeupe vinavyoning'inia shingoni mwa wakili), suruali na viatu vyote vinaonekana. Taratibu nazo hazifanani. Marekani mawakili hawavai joho, husimama na suti zao. Mahakama ya Juu ya Uingereza tangu 2011 inawaruhusu mawakili wakikubaliana kuliacha vazi la mahakama. Kwa hiyo soma kanuni za mahakama unayokwenda, na ukiwa na shaka mpigie karani siku moja kabla.

Kesi ikisikilizwa kwa video, vaa kamili, suruali ikiwemo, kwa sababu kuna wakati utalazimika kusimama. Epuka shati lenye mistari myembamba iliyobanana. Kamera huifanya ichezecheze na kuumiza macho ya anayekutazama.

Ndevu na marashi?

Ndevu hazina tatizo zikiwa na mpaka unaoonekana shingoni na shavuni. Zinazoanza kuota, ziote wakati wa likizo. Marashi yasinukie zaidi ya urefu wa mkono wako. Chumba cha mahojiano ni kidogo, mlango umefungwa kwa ajili ya siri, na mteja mwenye pumu atakosa namna ya kukuambia.