Maswali Yenu ya Dini: Niko Jikoni Toka Usiku, Mungu Nitamkaribia Saa Ngapi?

SWALI: Asalaam aleykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu nipo Tanga, nauza vitumbua na chai asubuhi, mchana napika wali maharage. Kabla sijaolewa nilikuwa binti wa darsa kwelikweli, sikosi, nasoma juzuu yangu kila siku, nafunga sunna, na nikiswali usiku nalia mpaka najihisi mwepesi. Saivi usiku wa manane nipo macho nasaga mchele wa vitumbua, alfajiri naswali mbio mbio maana mkaa umeshashika na wateja wa kwanza ni hawa wa magari ya asubuhi, mchana ni hivyo hivyo, na usiku nikikaa tu kwenye mswala usingizi huo. Nikiwaona wenzangu wa darsa wanapita na vitabu vyao naumia sana, najiona nimeachwa, sijui Mungu kanisahau au mimi ndo nimemsahau. Mume wangu ananiambia huo ni wasiwasi wa shetani tu. Nifanyeje nirudi kama zamani? - Mama Vitumbua, Tanga

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu, na pole na majukumu. Barua yako nimeisoma mara mbili na nikaiweka ya kwanza kwa sababu najua wako wengi wanaosema hayo hayo, wa jikoni, wa sokoni, wa shambani, na wengi wanaona aibu kuuliza.

Kwanza nikuambie kwamba hili swali lako limeshaulizwa kwa Mtume mwenyewe (s.a.w). Alikuwepo swahaba anaitwa Handhala, alikuwa mmoja wa waandishi wa Mtume, siku moja akakutana na Abubakar, swahaba wa karibu kabisa wa Mtume, akamwambia "Handhala amekuwa mnafiki". Abubakar akashtuka, subhanallah unasema nini wewe? Akasema, tukiwa kwa Mtume anatukumbusha pepo na moto tunakuwa kama tunaviona kwa macho, tukitoka tukaenda kwa wake zetu na watoto na mashughuli yetu tunasahau mengi. Abubakar hakumkemea wala hakumpa mawaidha, alimwambia wallahi hata sisi yanatukuta hayo hayo. Abubakar huyo mwanangu! Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawaambia lau mngebaki kila wakati kwenye hali ile mnayokuwa nayo kwangu basi malaika wangewapa mikono kwenye vitanda vyenu na njiani mwenu, lakini ewe Handhala, saa na saa. Akalisema hilo mara tatu. Hadithi hii iko kwenye kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim.

Saa na saa maana yake kuna saa ya darsa na machozi, na kuna saa ya watoto na riziki, na hii ya pili haikukutoa kwenye dini. Kwahiyo pale unapoandika "nirudi kama zamani" mimi sikubaliani na wewe hata kidogo. Zamani ulikuwa binti wa nyumbani kwenu, ulikuwa na usiku wako mwenyewe. Leo una watoto watatu wanakula kwa mkono wako, na Mola aliyekupa ule usiku wa machozi ndiye huyo huyo aliyekupa na huu wa kusaga mchele. Ukikaa unamtafuta kule nyuma tu utampita hapo ulipo.

Alafu mkumbuke bibi Fatma, bintiye Mtume. Alikuwa anasaga nafaka kwa jiwe mwenyewe mpaka mikono ikamuuma. Akasikia baba yake ameletewa mateka, akaenda kuomba apewe mtumishi wa kumsaidia, hakumkuta, akamwachia ujumbe bibi Aisha, mke wa Mtume. Usiku Fatma na mumewe Ali wameshalala Mtume akaja, wakataka kuinuka akawaambia kaeni hapo hapo, akakaa katikati yao, mpaka Ali anasimulia alihisi ubaridi wa miguu yake kifuani. Akawaambia je nisiwaonyeshe kilicho bora kuliko hicho mlichoomba? Mkienda kulala semeni Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Ali akasema toka siku hiyo hakuwahi kuyaacha, akaulizwa hata usiku wa Siffin? Akasema hata usiku wa Siffin, na ile ilikuwa vita.

Mimi kisa hiki kila nikikisoma naangalia jambo moja, kwamba kazi ya Fatma haikuondolewa. Kesho yake jiwe lilikuwa pale pale na nafaka pale pale. Alichopewa ni kitu cha kushika kinachoingia ndani ya siku yake kama ilivyo, na hicho ndicho ninachotaka na wewe ukipate.

Sasa tuje jikoni kwako. Usiku unapoloweka mchele, pale unapomimina maji, tia nia. Sema moyoni, ya Rabbi nafanya hivi nilishe wanangu kwa halali na watu wapate kifungua kinywa kizuri. Inatosha, nia haina kisomo kirefu. Imamu Bukhari kitabu chake cha hadithi amekifungua na hadithi ya kwamba amali zote ni kwa nia, na Mtume alimwambia swahaba wake Saad bin Abi Waqqas kwamba matumizi yoyote utakayotoa ukitaka radhi za Mwenyezi Mungu utalipwa, hata lile tonge unalomtilia mkeo mdomoni. Tonge tu! Je wewe unayelisha watoto watatu na nusu ya stendi?

Ukishasaga na tui lako na iliki na hamira, kuna ule muda unasubiri rojo liumuke. Najua akinamama wengi hapo simu ndo inatoka, tunaangalia status za watu. Muda huo ni wako mwanangu, nyumba yote imelala, ni theluthi ya mwisho ya usiku ambayo ulikuwa unaitafuta kwa tabu enzi zako za darsa na leo kazi yenyewe ndo inakuamsha. Swali rakaa mbili, fupi, ukiona hata hizo nzito kaa tu hapo kwenye kibao chako umuombe kwa Kiswahili, mwambie umechoka, mwambie kodi ya fremu, mtaje mtoto mmoja mmoja kwa jina. Kulia kukija kuje, kusipokuja usikulazimishe.

Alafu chuma kikishapata moto, unatia mafuta kidogo kidogo kila kishimo, unamimina, unasubiri pembeni pakauke, unageuza. Mikono ina kazi lakini ulimi uko huru. Kuna maneno mawili Mtume amesema ni mepesi ulimini, mazito kwenye mizani, yanapendwa na Mwingi wa Rehema: Subhanallahi wabihamdihi, Subhanallahil adhim. Bukhari hadithi hiyo ndiyo aliyofungia kitabu. Wewe sema wakati unageuza, kila chuma kimoja kikitoka umesema mara kadhaa, usihesabu, usijipangie idadi, maana ukijipangia mia halafu mteja akaja anataka chenji utaanza kumnunia mteja, na kumnunia mja wa Mungu ili umtaje Mungu hiyo sio sawa. Mteja akija muitikie, mpe tabasamu, mpe vitumbua vyake vya moto, ukaendelee.

Na hapo kwa mteja kuna ibada watu hawaihesabu. Mafuta yakishakuwa meusi mwaga, usiseme leo tu. Maharage ya jana yakibadilika harufu usiyafunike kwa nazi. Yule mwanafunzi mwenye hela pungufu ukiweza mpe na chai. Surat Mutaffifin imeanza na ole kwa wapunjao, wakijipimia wenyewe wanajaza wakiwapimia wengine wanapunguza, kwahiyo pale unapochota wali kwenye sahani ya mtu ni mahali Mwenyezi Mungu anakuangalia kama anavyokuangalia kwenye mswala. Mtu anaweza kusoma juzuu asubuhi akapunja watu mchana, na mimi siwezi kumuita huyo yuko karibu na Mola.

Ila kuna jambo sitokuonea haya. Hiyo alfajiri ya mbio mbio irekebishe. Dhikri za jikoni zote hizi ni juu ya faradhi, hazikai mahali pa faradhi, na usimsikilize mtu anayekuambia kazi ni ibada basi swala itajijua. Bibi Aisha aliulizwa Mtume nyumbani alikuwa anafanya nini, akasema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ikifika swala anatoka kwenda kuswali. Yote mawili hayo. Kwahiyo washa mkaa baada ya kuswali badala ya kabla. Utachelewa dakika chache, wateja wa magari watasubiri au mume wako atasimama pale awamiminie chai, na hili mwambie kwa upole lakini mwambie, kwa sababu kama Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa anahudumia nyumba yake basi na yeye hatopungukiwa kitu. Kukuambia ni wasiwasi wa shetani peke yake hakutoshi, akushike na mkono.

Na darsa usiliache kabisa. Waombe hao wenzako wakurekodie wakutumie wasap, usikilize wakati unachambua maharage. Ukiwaona wanapita usiumie, waite, wape vitumbua, waambie wakuombee dua.

Anza na kimoja tu katika haya. Bibi Aisha anasimulia kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu hata kama ni kidogo. Mimi ningekuchagulia ile nia ya kwenye kuloweka mchele, kwa sababu mchele lazima utauloweka tu.

SWALI: Mwalimu mimi ni bodaboda Morogoro. Naweka Qur'an kwenye earphone masikio yote mawili kutwa nzima nikiwa barabarani, najihisi niko na Mungu. Kuna abiria mama mmoja alinigombeza anasema simsikii. Je nakosea? - Kijana wa Boda

JIBU: Nia yako nzuri sana mwanangu na Mwenyezi Mungu akuzidishie mapenzi ya kitabu chake, ila huyo mama alikuwa na haki. Qur'an yenyewe katika Surat Aaraf inasema ikisomwa isikilizeni na mnyamaze, sasa wewe uko kwenye mzunguko, lori linapiga honi nyuma, abiria anakuambia kata kulia, hapo huwezi kuisikiliza inavyostahili na barabara pia huisikii. Umebeba roho ya mtu nyuma, hiyo ni amana. Toa earphone ukiwa unaendesha.

Ukiwasha pikipiki soma ile dua ya kipando, iko ndani ya Qur'an Surat Zukhruf, Subhanalladhi sakh-khara lana hadha, ametakasika aliyetutiishia hiki na sisi hatukuwa wenye kukiweza, na hakika kwa Mola wetu tutarejea. Isome ukiwa unaijua maana, maana hilo neno la kurejea kwa Mola ukilielewa kweli hutopita kwenye taa nyekundu. Mvalishe abiria kofia ngumu, usimtajie mgeni bei ya ugeni, mzee akishuka msaidie mzigo. Alafu ukirudi kijiweni unasubiri abiria, hapo kaa ufungue Qur'an yako, hata aya chache, usikilize kwa utulivu, na wenzako wakikuta unasikiliza huenda wakaomba uitoe sauti wasikie na wao.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nikiwa kwenye siku zangu siswali wala sifungi, basi najihisi nimefungiwa mlango, nikimaliza inanichukua muda kurudi kwenye ibada. Nyumbani wananiambia hata kumtaja Mungu nisimtaje sana. Ni kweli? - Binti, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Sio kweli. Bibi Aisha amesema Mtume alikuwa anamkumbuka Mwenyezi Mungu katika hali zake zote, na wanachuoni wameichukua hadithi hiyo kwamba dhikri haina sharti la udhu. Isipokuwa ukiwa chooni, hapo ulimi unautuliza. Yeye bibi Aisha mwenyewe hedhi ilimjia akiwa njiani kwenda Hija, akalia, Mtume akamkuta analia akamwambia hili ni jambo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adam, fanya yote anayoyafanya mwenye kuhiji ila usitufu Al-Kaaba. Hakumwambia kaa pembeni.

Kwahiyo kuacha kwako swala siku hizo ni kumtii, aliyekuamrisha uswali ndiye aliyekuamrisha usiswali. Endelea na bismillahi unapopika, nyiradi za asubuhi na jioni, istighfari, dua, kumswalia Mtume, sikiliza Qur'an. Na kwa hilo la kuchelewa kurudi, adhana ikilia siku hizo usiendelee tu na simu, muitikie muadhini, kaa pale unaposwaliaga dakika mbili tatu ulete tasbihi, ili siku ukikoga mwili uwe bado umezoea saa zile. Mkiwa na swali la kusoma msahafu wenyewe siku hizo, hapo madhehebu zimehitilafiana, muulize mwalimu wako wa madrasa akufundishe kwa urefu.